Gemu langu la kujenga Dar linamtupa nje anayebaki nyuma, naombeni ushauri

MjengaMtaa (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Nina gemu la mezani nililolichora mwenyewe, la kujenga jiji la Dar es Salaam. Limechorwa kwenye manila mbili zilizounganishwa kwa gundi: Kariakoo iko katikati, halafu Upanga, Magomeni, Masaki, Mbagala, na Kigamboni ng'ambo ya maji. Tunalicheza nyumbani Tabata wikiendi, mimi, mama yangu, wapwa zangu na majirani wanaopenda kukaa nasi barazani.

Kwa sasa linachezwa hivi. Unarusha dadu mbili, unatembeza kizibo chako njiani. Ukifika kwenye kiwanja kisicho na mtu, unanunua. Ukipita tena hapo unajenga vyumba vya kupangisha, baadaye duka, baadaye ghorofa. Mwenzako akikanyaga kwako anakulipa kodi. Anayebaki na hela wengine wakiwa wamefilisika ndiye mshindi.

Shida ni kwamba aliyewahi Kariakoo keshashinda. Mchezo haujafika hata nusu, kila mtu anajua nani atamaliza, na waliobaki wanaendelea kurusha dadu ili wampelekee kodi. Mpwa wangu wa miaka 9 aliishiwa hela mapema wiki iliyopita. Hakulia wala hakulalamika. Alikaa pembeni ya mkeka akawa anapanga vizibo vya wenzake kwa rangi, vyekundu huku, vya kijani kule, mpaka sisi tukamaliza. Roho iliniuma, kwa sababu gemu hili nimelitengeneza hasa kwa ajili yake.

Ninachotafuta ni gemu jepesi lenye akili kidogo ndani yake. Lichezwe na watu watatu hadi watano, liishe ndani ya dakika 45 hivi, mtoto wa darasa la tatu alielewe na bibi yake asilichoke. Na libaki la Dar. Mnanishauri nibadilishe nini? Nipo tayari hata kulivunja lote nianze upya.

Kijiwe_Sinza

Mkuu, hilo ni Monopoly, lile gemu la mezani la kununua viwanja na kutoza kodi, umelivalisha kanga. Usijisikie vibaya, karibu kila anayebuni gemu la kujenga mji anaanzia hapo hapo.

Kabla hujalivunja, jua kwamba Monopoly yenyewe ina sheria mbili ambazo watu wengi majumbani hawazifuati, na ndizo zinazolipa uhai. Ya kwanza ni mnada. Mtu akifika kwenye kiwanja asipokinunua, kinapigwa mnada hapo hapo, na yeyote mezani anaweza kukichukua. Watu wanaruka hiyo, viwanja vinakaa bure, mchezo unarefuka. Ya pili ni kwamba nyumba zina idadi maalum: 32 tu kwenye boksi, na hoteli 12. Zikiisha benki, zimeisha, unasubiri mtu auze. Kwa hiyo mjanja anaweza kushikilia nyumba ndogo nyingi makusudi ili wenzake wakose za kujengea.

Weka mnada kwanza uone.

MjengaMtaa

Asante mkuu. Mnada naupenda, hapa mtaani kila mtu anajua kupandisha bei. Lakini mwenye hela nyingi si ndiye atakayeshinda kila mnada? Naona kama nitamwongezea nguvu yule yule niliyetaka kumpunguza.

Kijiwe_Sinza

Hapo umesema kweli. Mnada unasaidia mwanzoni hela zikiwa sawa. Baadaye hapana.

MwalimuHesabu

Mleta uzi, ngoja nikueleze inavyotokea, maana ukishaliona tatizo lenyewe utajua pa kukata.

Katika gemu lako hela inazaa hela, na inatoka kwa mwenzako. Nikipata mimi kumi, wewe umepoteza kumi, tofauti yetu ni ishirini. Hapo ndipo mtu anapotupwa nje. Kuna magemu ya kujenga mji ambapo kipato kikubwa kinatoka benki na si mfukoni mwa jirani. Mfano mzuri ni Machi Koro, la Mjapani Masao Suganuma, lilitoka 2012. Unaanza na shamba la ngano na duka la mikate, unarusha dadu, namba ikitoka kadi zenye namba hiyo zinalipa. Kadi za buluu zinamlipa mwenye nazo hata kama aliyerusha ni mtu mwingine. Kwa hiyo hakuna anayesinzia, kila dadu ikidondoka watu wanne wanainama kuangalia kadi zao. Anayeshinda ni yule anayewahi kumaliza majengo yake manne makubwa: kituo cha treni, duka kubwa, uwanja wa burudani na mnara wa redio. Hakuna anayefilisika akaondoka.

Kwa hiyo ondoa ile njia ya kutembeza kizibo. Kila eneo la Dar lipe namba. Dadu ikitoka namba hiyo, kila mwenye jengo pale anapata kitu, bila kujali zamu ya nani.

Na namba zipange kwa hesabu. Dadu mbili zina matokeo 36. Saba inapatikana kwa njia 6, ndiyo inayotoka sana. Sita na nane ni njia 5 kila moja. Tano na tisa njia 4. Nne na kumi njia 3. Tatu na kumi na moja njia 2, halafu mbili na kumi na mbili njia moja moja. Kariakoo ipe 7, ndiyo soko la nchi nzima hata ukitoka Songea unakuja kufunga mzigo pale. Lakini ifanye iwe ghali kuingia.

Kete64

Nitapingana kidogo na mwalimu, kwa heshima zote. Mimi ni mtu wa bao, na dadu siipendi. Ukiwa na dadu, mtoto akishinda hajui ameshinda kwa nini, na akishindwa hajui arekebishe nini.

Ila nina jambo moja la kukupa kutoka kwenye bao, mleta uzi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, kila mmoja anaanza na 32 zake. Ukila kete za mwenzako huziweki mfukoni. Unazisambaza upande wako, zinaendelea kuwa ubaoni mpaka mwisho. Hakuna kete inayotoka. Ndiyo maana nimeona watu wakiwa wamebaki na kete chache kabisa, wamekwisha machoni pa kila mtu kijiweni, halafu mwenzao anajaza shimo moja vibaya, na kwa mtaji mmoja tu, yaani mlo mmoja wa kete, mambo yanageuka. Aliye nyuma kwenye bao ana sababu ya kuendelea kuwaza, kwa sababu mali aliyonyang'anywa bado iko mbele ya macho yake na anaweza kuifuata.

Kwenye gemu lako hela ikishaenda imekwenda. Tafuta namna kinachopotea kwa mmoja kiangukie kwa aliye nyuma, kisitoweke.

Mama_Watatu

Naweka kambi hapa. Wanangu wamechoka na ludo na mimi nimechoka na simu mikononi mwao.

FundiMwashi

Habari zenu. Mimi si mtu wa magemu, kazi yangu ni ujenzi, ila uzi umenivuta.

Ndugu yangu, nani hapa Dar ananunua kiwanja leo kisha kesho anasimamisha duka zima? Watu tunajenga kwa awamu. Mwaka huu unamwaga msingi. Mwakani ukipata unanyanyua tofali hadi lenta. Boma linakaa, unalizoea, majirani wanalizoea. Ukipata bonasi au mchezo wa kikoba ukikufikia, unapaua. Watu wengine wanahamia bila madirisha wanaziba na maturubai, maisha yanaendelea. Hiyo ndiyo raha na shida ya kujenga hapa, na kwenye gemu lako sijaiona.

Ningekuwa wewe, hela ningeziondoa kabisa. Weka vifaa: saruji, tofali, nondo, mbao, bati. Msingi unataka saruji na tofali. Boma linataka tofali mbili. Paa linataka mbao na bati. Ukitaka ghorofa, nondo zinaongezeka toka msingi. Mtoto atajua nyumba inavyosimama akiwa anacheza. Halafu weka sheria kwamba huwezi kulundika vifaa vingi saiti, kwa sababu kila aliyewahi kujenga anajua kinachotokea kwa saruji na nondo zikilala nje.

MjengaMtaa

Fundi, nimesoma huu ujumbe nikaurudia. Msingi, boma, paa. Hii nachukua yote ilivyo.

Sasa swali: vifaa mtu anavipataje bila hela?

UbaoMezani

Hapo naomba nami nichangie, dada yangu anaishi Ujerumani na huwa ananiletea magemu akija likizo.

Kuna gemu linaitwa Tiny Towns, la Peter McPherson, lilitoka 2019. Kila mchezaji ana kibao chake cha miraba 16, nne kwa nne. Mwenye zamu anataja kifaa kimoja kati ya vitano, tuseme mbao au tofali, na KILA mchezaji analazimika kuchukua kifaa hicho na kukiweka kwenye mraba wake mmoja. Ukishakiweka hukisogezi. Vifaa vikikaa kwa mpangilio ulio kwenye kadi ya jengo, unaviondoa na kuweka jengo. Mwisho wa mchezo kila mraba uliobaki bila jengo unakupunguzia pointi moja.

Uzuri wake ni kwamba hakuna zamu isiyokuhusu. Mimi nikitaja bati kwa ajili yangu, nimekupa na wewe bati, utake usitake. Linaweza kukuokoa au likakujazia uwanja. Kwa hiyo kabla ya kutaja unainua macho kuangalia wenzako wamefikia wapi. Mtu wa miaka 9 analielewa haraka kwa sababu kitendo ni kimoja tu: taja, chukua, weka.

Usiige miraba yao. Chukua lile wazo la kutaja kifaa kwa wote, lichanganye na awamu za Fundi. Kwa Dar liite lori: "Lori limeingia na saruji!" na kila mtu anachukua saruji moja.

Kete64

Hii ya lori nimeipenda sana. Hapo mtu anatumia akili, na dadu hazina kazi tena.

MwalimuHesabu

Dadu zina kazi, mzee wangu. Watoto wanapenda kurusha. Angalia mtoto akipewa dadu anavyozipuliza kabla hajaziachia. Ukimnyima hilo, gemu linakuwa mtihani.

Tunaweza kupatana hivi: dadu isiamue nani anashinda, iamue tu ni eneo gani limechangamka zamu hiyo. Mwenye zamu anarusha. Ikitoka 7, kila mwenye msingi, boma au nyumba Kariakoo anachukua kifaa kimoja cha ziada anachokitaka. Baada ya hapo mwenye zamu anatangaza lori, wote wanapata. Mwisho mwenye zamu anajenga awamu moja kama ana vifaa.

Namba zangu ni hizi: Kariakoo 7, Magomeni 6, Mbagala 8, Upanga 5, Masaki 9. Kigamboni ipewe mbili, 4 na 10, jumla yake ni njia 6, inalingana na Kariakoo. Zile za pembeni, 2, 3, 11 na 12, ukizijumlisha nazo ni njia 6 kati ya 36. Hizo ziwe za tukio fulani. Kwa hesabu hiyo tukio litatokea kwa wastani mara moja katika kila zamu sita. Inatosha, halichoshi.

BintiUpanga

Kigamboni ikiwa sawa na Kariakoo tangu mwanzo mtakuwa mmesahau feri! Kabla ya daraja la Nyerere kufunguliwa Aprili 2016, ng'ambo ile ilikuwa feri au uzunguke mbali kwa barabara ya Kongowe. Daraja lina mita 680 lakini lilibadilisha watu wananunua wapi viwanja.

Napendekeza Kigamboni ianze na namba 4 peke yake. Namba 10 ifungwe mpaka wachezaji wajenge daraja, tena walijenge kwa pamoja. Kila mtu anaweza kuchangia nondo au saruji zamu yake ikifika, badala ya kujenga kwake. Vikitimia vifaa nane, daraja limefunguka kwa wote. Waliochangia wanapata pointi moja kwa kila kifaa. Hapo kuna mtihani mzuri: nichangie daraja wakati jirani yangu ndiye mwenye viwanja Kigamboni? Au nikae kimya nisubiri yeye achoke kuchangia peke yake?

UbaoMezani

Hii ya daraja ni nzito. Mleta uzi, usiiache.

Kijiwe_Sinza

Kwenye zile namba za tukio, weka ghorofa kuanguka. Likianguka mtu anarudi kwenye msingi. Itatia presha.

FundiMwashi

Mkuu Sinza, hapana. Naomba hiyo isiwekwe.

Novemba 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo na watu wakapoteza maisha. Mwaka 2013 lilianguka lingine pale mtaa wa Indira Gandhi. Kuna familia bado zina majeraha, na hujui nani atakaa kwenye huo mkeka. Mimi mwenyewe kuna fundi mwenzangu niliyemfahamu. Sitaki mtoto arushe dadu, ghorofa lianguke, watu wacheke.

Kijiwe_Sinza

Nimekuelewa kaka, na pole sana. Naondoa pendekezo.

MjengaMtaa

Pole fundi. Halitakuwepo.

Mimi nilikuwa nawaza mvua. Kila mkazi wa Dar anajua Jangwani ikijaa maji barabara inafungwa, mwendokasi inasimama, mji unakatika vipande viwili. Lakini sitaki mvua ibomoe nyumba za watu pia. Nataka iwe usumbufu tu.

Kete64

Mvua ikinyesha, malori yanakwama. Kwa hiyo zamu hiyo hakuna lori, na kila mwenye vifaa zaidi ya vitatu saiti anatoa kimoja. Sasa nisikilize hapa: vile vifaa vinavyotolewa visirudi kwenye boksi. Apewe aliyepaua nyumba chache kuliko wote. Wakiwa wawili wamelingana, wagawane.

Hapo umeshampata mpwa wako. Mvua ikija wengine wananuna, yeye ananyoosha mkono.

MwalimuHesabu

Mzee wa bao, hapo umemaliza. Sina la kuongeza.

Ah, ninalo moja. Yule atakayekuwa anapata kwa mvua atajaribiwa kuchelewesha kupaua makusudi ili aendelee kupokea. Sioni ubaya, ila mwisho wa mchezo boma lisiloezekwa liwe na pointi chache vya kutosha asipende kubaki nalo. Msingi pointi 1, boma 2, nyumba iliyopauliwa 5. Ghorofa 8.

Mama_Watatu

Samahani kwa kuingilia. Kwa nini boma lisipewe sifuri, au hata limpunguzie mtu pointi? Nyumba ambayo haijaisha ni hasara.

FundiMwashi

Dada yangu, si hasara. Kuna watu wamezeeka wakiwa na boma moja na limewafaa: wamelirithisha, au watoto wamekuja kuliezeka. Pointi mbili zinamtosha, lakini usimtoe kitu mtu aliyejenga hadi lenta.

Mama_Watatu

Nimekuelewa kaka fundi. Sikuwa nimeliangalia hivyo. Mbili basi.

BintiUpanga

Jambo dogo la mwisho kutoka kwangu, nimesoma usanifu majengo kwa hiyo nivumilieni. Weka jengo moja la heshima ambalo yeyote anaweza kulijenga mara moja tu: Soko la Kariakoo. Lile jengo la 1975 la msanifu wetu Beda Amuli, lenye mapaa yaliyofunguka juu kama miavuli iliyopinduliwa. Lile liliungua 2021 na likafanyiwa ukarabati, kwa hiyo watoto wengi wamelisikia kwenye taarifa ya habari lakini hawajui kwamba aliyelichora ni Mtanzania.

Atakayelijenga apate haki ya kubadilishana: zamu yake ikifika, anatoa kifaa chochote kimoja na kuchukua kingine anachokitaka. Kwenye kadi yake chora yale mapaa vizuri. Ukitaka nitakuchorea mimi, nitumie ujumbe.

Na Magomeni, ukiwa na nafasi, iruhusu nyumba mbili za chini zilizo jirani kuunganishwa kuwa ghorofa moja. Zile kota za zamani zilivunjwa, na mwaka 2022 zikafunguliwa ghorofa za kaya 644 pale pale. Ila kama sheria zinazidi kuwa nyingi, hii iache.

MjengaMtaa

Dada, nakutumia ujumbe sasa hivi. Soko linaingia. La kota nitaliweka kwa wale waliokwisha kulizoea gemu.

Vipi kuhusu kutengeneza? Vizibo vya soda ninavyo vingi, lakini rangi inabanduka. Na manila imeanza kukunjamana pembeni.

Kijiwe_Sinza

Vizibo visipigwe rangi. Kata karatasi za rangi duara ndogo, bandika ndani ya kizibo kwa gundi, haviguswi na vidole kwa hiyo havichakai. Kijivu saruji, nyekundu tofali, nyeusi nondo, kahawia mbao, buluu bati. Vizibo vingine utavipata bar yoyote ya jirani, waombe tu wakuwekee.

Majengo nenda Keko kwa mafundi samani, waombe masalia ya mbao. Vile vipande wanavyokata miguu ya meza vinaisha kuwa kuni tu. Ukipata vipande vyembamba vitatu vinavyopandana, cha chini msingi, cha kati boma, cha juu kimechongwa paa, mtoto anajenga kwa mkono kweli. Kupandisha kile cha juu ndiyo raha yenyewe.

Ramani iscan, uichape kwa A3 mbili steshenari yoyote, wakulaminetie.

UbaoMezani

Kuna gemu la zamani, Manhattan, la Andreas Seyfarth, lilishinda tuzo ya gemu la mwaka Ujerumani 1994. Lote ni kupandisha vipande vya ghorofa kimoja juu ya kingine. Aliye juu ndiye mwenye jengo. Nalitaja kwa ajili ya hilo la vipande: watu wanaopita bila kujua sheria wanasimama kuangalia kwa sababu mji unaonekana ukiinuka. Kipande cha mbao kinavuta watu kuliko kadi nzuri.

MjengaMtaa

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Tumelicheza toleo jipya jana usiku, tulikuwa wanne: mimi, mama, mpwa wangu mdogo na jirani. Hela hakuna. Dadu zipo, lori lipo, mvua ipo, daraja lipo. Limeisha mtu wa kwanza alipopaua nyumba ya tano, tukamalizia mzunguko ili wote tuwe na zamu sawa, kisha tukahesabu pointi.

Mambo mawili yamenifurahisha mno. La kwanza, mama, ambaye lile la zamani alikuwa anacheza ili kutufurahisha tu, jana alikuwa anatupigia hesabu. Alikataa kutaja nondo kabisa mzunguko mzima kwa sababu jirani alikuwa anasubiri nondo moja amalize msingi wa ghorofa Kariakoo. Kila zamu yake ikifika anataja mbao. Mbao, mbao, mbao. Jirani akajaa mbao saiti mpaka hana pa kuweka. Tumeweka kikomo cha vifaa vitano, cha sita unarudisha.

La pili, mpwa wangu. Kati ya mchezo alikuwa na paa moja tu, wenzake tuna matatu. Ikatoka 11, mvua. Tukatoa vifaa, vyote vikaenda kwake, akapata bati na mbao kwa mpigo mmoja. Akazishika mkononi akaniuliza, "Mjomba, naweza kupaua sasa hivi au nisubiri zamu?" Asubiri zamu. Basi alikaa amevishika vile vizibo viwili mpaka zamu ikamfikia, akaweka paa Mbagala. Hakushinda, alikuwa wa tatu. Lakini tulipomaliza aliuliza kama tunarudia.

Daraja halikujengwa. Kila mtu alimsubiri mwenzake. Vifaa viliishia vitatu na kumi ikitoka tunarusha upya. Sijui kama niache hivyo hivyo au nipunguze viwe sita.

BintiUpanga

Punguza viwe sita, na anayeweka kile cha mwisho apewe pointi mbili badala ya moja. Utaona watakavyogombania.

Kete64

Mama yako aje tucheze bao. Nimempenda bure.

MwalimuHesabu

Hongera sana. Naomba utuwekee sheria zote hapa zikikamilika, nataka nilipeleke shuleni kwangu. Wanangu wa darasa la nne watajifunza uwezekano wa dadu bila kujua kama wanasoma.

Mama_Watatu

Na mimi nasubiri hizo sheria. Kama baadaye utatengeneza ya kuuza, mimi mteja wa kwanza.

UbaoMezani

Ukifikia kuuza, mleta uzi, sheria ziandike kwa maneno yako, picha ziwe zenu wenyewe, na upite COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, ukasajili kazi yako. Wazo la kutaja kifaa limetumika na wengine, ila ramani, daraja, mvua na awamu za nyumba ni vyenu.

FundiMwashi

Swali moja kabla hujaandika sheria. Umesema watu hadi watano, na mchezo unaisha kwenye paa la tano. Viwanja viko vingapi kwa jumla?

MjengaMtaa

Vinne kila eneo, maeneo sita. Ishirini na nne.

FundiMwashi

Watu watano mara nyumba tano ni ishirini na tano. Na bado Soko litachukua kimoja. Mkigombania kwa kasi inayofanana, mtu atabaki na vifaa mkononi hana pa kumwaga msingi, na atakuwa ni yule yule wa nyuma.

MjengaMtaa

Duh, kweli kabisa fundi. Sisi tulikuwa wanne ndiyo maana hatukuliona.

Niongeze wapi sasa? Kariakoo haina nafasi na Upanga pamejaa.

FundiMwashi

Mbagala. Ongeza viwanja vinne, ushuke nayo hadi Chamazi. Huko ndiko watu wanakojenga.

MjengaMtaa

Sawa. Naichora leo usiku kabla ya kupeleka ramani kuchapwa.